Mama Chukua na Makabati Matupu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Idara yetu ya Historia na Utamaduni ilimuaga mratibu wa Chumba cha Urithi, ambaye chuoni na mitaani kote anajulikana kwa jina la Mama Chukua. Jina lake la kwenye hati ya mshahara analijua mhasibu peke yake.

Aliajiriwa akiwa msichana mwembamba, akapewa chumba kimoja chenye makabati ya vioo na kazi ya kuyajaza vitu vya kale vya majirani wa chuo. Aliyajaza kweli. Alipita nyumba hadi nyumba, akanywa chai isiyo na idadi, akarudi na vinu, ngoma, vigoda na vyungu. Tatizo ni kwamba yeye alimwahidi kila mwenye kitu kwamba kitabaki chake, na siku akikihitaji aje akichukue. Sisi tulidhani ni maneno ya adabu tu. Loo! Watu walikuja.

Ndipo vikaanza vile vikaratasi vyake ndani ya makabati: ngoma ipo harusini, itarudi Jumatatu, chungu kina shughuli, mtuwie radhi. Kuna siku kinu kilirudi kinanuka kitunguu saumu, mtaalamu wetu wa kuhifadhi vitu vya kale akashika kichwa. Mama Chukua alimjibu kwamba kinu chenyewe hakijalalamika.

Walipokuja wageni wa chuo kingine kuiona ngoma yetu kubwa, walikuta kioo na kikaratasi. Mkuu wa Idara kijasho chembamba kilimtoka. Mama akawaongoza wageni kwa miguu hadi harusini, na kabla jua halijazama Mkuu huyo huyo alikuwa katikati ya uwanja, koti begani, akicheza kuwashinda ndugu wa bwana harusi. Picha ipo. Ameomba isichapishwe humu, nasi tunamheshimu, ila anayetaka kuiona apite ofisini kwangu.

Mwaka huu utani ulikatika. Ofisini kwa Mkuu wa Idara ilitoka amri kwamba kuanzia tarehe mosi Julai vitu vyote ni mali ya chuo, na hakitoki hata kijiko. Kesho yake akaja bibi mshonaji wa mtaa wa nyuma, mwenye kigoda alichochongewa na marehemu mumewe. Kila akimkumbuka mzee wake hukichukua, akakaa nacho siku mbili tatu, kisha akakirudisha. Safari hii alisimama mlangoni analia, akauliza kama ni kweli mume wake sasa ni wa chuo. Mama Chukua alimshika mkono, akamsindikiza hadi kwake. Ahadi aliyoitoa yeye ilikuwa inavunjwa na wengine, naye amebakiza siku chache aondoke. Ilituuma sote.

Wiki yake ya mwisho alizunguka mitaani. Tukadhani anaaga, kumbe anawaita watu! Kamati ya kuhesabu mali ilipofika tarehe mosi asubuhi, ilikuta makabati yamefutwa vumbi, yanang'aa, na ndani hamna kitu. Amri haikuvunjwa hata kidogo, maana vitu vyote viliondoka tarehe thelathini.

Mkuu alifura kwa hasira. Akaenda mwenyewe kwa yule bibi kukidai kigoda. Bibi alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha juu ya kigoda hicho hicho, akamsimulia jinsi mumewe alivyokichonga siku za uchumba wao. Mkuu alirudi jioni mikono mitupu, macho mekundu, akatutangazia kwamba amri imefutwa, na muhula ujao wanafunzi watasomea majumbani kwa watu, wabishe hodi wenyewe.

Mama Chukua, asante sana. Tutakukosa, na hilo tunalisema bila mzaha. Nenda kapumzike, ule ushibe, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na maisha yako ya huko mbele yawe mema na marefu. Chumba ulichotuachia ni kitupu, mama, na hatujawahi kukionea fahari kama sasa.