Boti Yote Dawa Moja: Maisha ya Mama Régine Kunda

Ndugu, jirani na marafiki, familia inawaomba mkae msikie maisha ya Mama Régine Kunda, maana ni maisha yanayochangamsha moyo hata siku ya msiba.

Alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, tarehe 14 Agosti 1979, akasoma hukohuko, vita vikamvusha hadi Chienge, upande wetu wa ziwa, Desemba 2000 akiwa na nguo alizovaa na kichwa kigumu ajabu, na kwa kichwa hicho akasomea uuguzi wa macho, akaajiriwa katika kliniki hapa Nchelenge tarehe 3 Machi 2008. Tarehe 12 Juni 2010 aliolewa na Bwana Misheck Kaoma, mvuvi wa Kafutuma, Mungu akawajalia Keren na Blessings.

Kilichomnyima usingizi ni virusi vinavyoshambulia kioo cha jicho, jicho linapona, kisha linawaka tena na kuacha kovu jeupe. Mwaka 2019 aliingia kwa shangwe katika utafiti wa kujua kama vidonge vya kuzuia virusi, vikimezwa kila siku, vitazuia ugonjwa usirudi, nusu ya wagonjwa wakipewa dawa na nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, bila yeyote kujua nani kapewa nini. Lakini wagonjwa wengi walikuwa wavuvi, na wavuvi ni wavuvi, wamezoea kugawana samaki sawasawa, wakamwaga vidonge vyote katika sahani moja wakagawana pia, utafiti ukaharibika. Madaktari walishika vichwa, Régine akacheka hadi machozi, akasema, “Boti yote ipate dawa moya, na wagawane vile wanapenda,” na Februari 2021 wakaanza upya hivyo, boti nyingine zikipewa dawa ya kweli na nyingine vidonge vitupu, bado bila yeyote kujua.

Misheck naye alikuwa na ugonjwa huo, boti yake ikaingia, jicho lake la kulia likawaka tena mara mbili, akatibiwa, kovu likabaki, naye akakataa katakata kujitoa.

Tarehe 9 Septemba 2024 majibu yalifunguliwa, dawa inazuia, na Régine akacheza uwanjani mwa kliniki mbele ya wagonjwa, hadi alipoambiwa kwamba boti ya mume wake ilikuwa ya vidonge vitupu, akakaa chini akalia. Misheck akamwambia, “Bibi, lazima mutu ameze ile kidonge ya bure, bila ile mungejua nini?” na wiki hiyohiyo akaanza dawa ya kweli.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua Régine, akatutoka tarehe 2 Mei 2025.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani wa Kafutuma, wenzake wa kliniki, na wavuvi wote, hasa waliomeza vidonge vitupu. Régine wetu, pumzika kwa amani, Misheck amekwisha kumeza kidonge chake cha leo.