Jicho Halina Mwakilishi

Benchi lenyewe lina miguu mitatu, wa nne ni tofali. Limetazamana na geti la kiwanda cha nguo, na king'ora cha mchana kikilia, Sindano, fundi cherehani, huvuka barabara kuja kunywa kahawa ya Bibi Kahawa. Wenzake huwa wamekaa tangu asubuhi: Breki, dereva asiye na gari, na Digrii, aliyesomea sheria za kazi, kazi yenyewe hajawahi kuiona. Leo Sindano alipapasa kikombe mara mbili ndipo akakishika. Digrii aliona, roho ikamchoma.

— We, si leo ndiyo siku yako kwa daktari bingwa wa macho?

— Leo. Msimamizi kagoma kuniruhusu. Mkataba unatoa ruhusa kwa mgonjwa. Anayekwenda kupimwa, anasema, bado hajajulikana kama ni mgonjwa.

Kahawa nusura impalie Digrii.

— Nonsense! Uthibitishe ugonjwa ndipo uruhusiwe kwenda kuuthibitisha? Huo si mkataba, ni mtego wa panya! Na wewe ulisaini?

— Tulisaini wima, kila mtu kaweka karatasi mgongoni kwa mwenzake. Wa mbele yangu alikuwa anacheka, saini yangu ikatoka kama mnyoo.

— Wanataka vipofu hao, — Breki akadakia. — Kipofu hasomi hati ya mshahara. Mi nasema bingwa aje mwenyewe, ajifanye mteja, akupimie hapohapo kwenye cherehani.

— Lipakeni hilo jicho pilipili, — akasema Bibi Kahawa, akimimina. — Likivimba, nani atabisha? Mficha uchi hazai.

— Bibi, methali hiyo umeipeleka nyumba siyo, — Digrii akasema.

— Imezoea kutembea.

Sindano akacheka.

— Msihangaike, wazee. Nimemtuma mdogo wangu. Zamu yake hapo kiwandani ni ya jioni, asubuhi yuko huru. Kachukua kadi yangu ya hospitali, nimemfundisha kila kitu: ukungu pembeni, taa zenye duara. Atayasema kama yake.

Breki akaweka kikombe chini.

— Subiri, — Digrii akasema polepole. — Umetuma mtu akapimwe jicho lako?

— Si mtu, damu yangu. Kiwandani tunashikiana cherehani kila siku. Nikienda chooni mwenzangu anashika, na suruali inatoka ileile.

— Bro, jicho si suruali!

— Wewe kusoma kumekufanya uone kila kitu kigumu.

Digrii alikuwa bado anatafuta tusi linalotosha, mdogo mtu akatokea, kiganja usoni kukinga jua, mboni zimetanuka kwa dawa ya kupimia.

— Shikamoo Bibi. Kaka, wamenipima.

— Dawa yangu iko wapi?

— Maneno yako hata hawakuyasikiliza. Wameniweka kwenye mashine. Presha ya macho, kaka. Mimi. Ninayo mimi! Bingwa anasema inakwenda kwa ukoo, ndugu wote wapimwe upesi kabla macho hayajafa. Mimi nirudi Jumatatu, nipasuliwe.

— Wallahi… — Bibi Kahawa akasahau birika mkononi, kahawa ikafurika kikombe, ikamwagikia benchi.

Sindano alisimama, akamshika mdogo wake mashavu, akamgeuza kwenye mwanga kama kitambaa chenye kasoro. King'ora cha kurudi kazini kikalia. Hakusogea.

— Na Jumatatu nahamia zamu ya asubuhi, — mdogo akasema. — Mkataba wangu ndio huohuo wako, na kwenye kadi mgonjwa ni wewe. Sasa mimi, kaka, nani ataniendea?

Wote wakamgeukia Digrii. Yeye akainama, akaanza kufuta kahawa ya benchini kwa kiganja.