Abdiwahab Adow na Ubeti wa Tatu

Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake ndiko marejeo. Abdiwahab Adow Salat alizikwa Jumanne iliyopita kabla jua halijatua, kwa haraka inayomstahili Mwislamu, na siku hiyo hapakuwa na nafasi ya maneno mengi. Leo, Jumatatu tarehe 17 Novemba 2025, siku ya saba, familia yake imeomba maisha yake yasomwe mbele ya majirani wa mtaa wa Iftin, hapa Garissa, na wageni waliotoka mbali.

Marehemu alizaliwa Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1968, kama vitambulisho vya nusu ya wenzake wa huko, kwa kuwa karani aliyewaandikisha hakuwa na muda wa kuuliza. Mama yake, marehemu Fatumo, alikuwa na hesabu yake mwenyewe. Alisema mwanawe alizaliwa asubuhi ya pili ya masika, mwaka ule ngamia mweupe wa mzee Adow alipopotea siku tisa kisha akarudi nyumbani peke yake. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Wa pili ni Hamdi, na kitindamimba ni Abdinoor, anayesoma karatasi hii.

Mwaka 1976 ukame ulimaliza mifugo ya mzee Adow, na familia ikahamia Garissa. Abdiwahab aliingia darasani akiwa na miaka minane bila neno hata moja la Kiswahili. Kwa kuwa Kisomali hakina p, alisoma "paka" akasema "baka", darasa likacheka, hata waliokuwa dirishani. Mwalimu akampa kipande cha karatasi akishike mbele ya midomo, akamwambia kwamba karatasi ikitikisika, hiyo ndiyo p. Alijaribu wiki nzima. Karatasi haikutikisika. Siku ya Ijumaa alimwambia mwalimu kwa adabu kwamba kwao Hulugho karatasi hutikiswa na upepo, si na mtu. Aliyeketi naye dawati moja, ambaye karatasi yake ilipepea kama bendera tangu siku ya kwanza, alikuwa Kadar. Huyu ndiye Mwalimu Kadar tunayemjua sote, aliyekuja kufundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na mmoja. Urafiki wao ulianzia kwenye karatasi hiyo, na ugomvi wao pia.

Abdiwahab aliacha shule akiwa kidato cha pili ili amsaidie baba yake. Mwaka 1991 alifungua duka la kunakili kaseti hapa Iftin, chumba kimoja chenye redio nne na feni. Aliuza visomo vya Kurani, mawaidha na nyimbo. Lakini kazi iliyompa heshima ilikuwa barua za kaseti. Wazee wasiojua kuandika walikuja, wakaketi kwenye kigoda, wakazungumza na watoto wao walioko Jeddah au Minneapolis. Abdiwahab alikuwa akibonyeza kitufe chekundu, kisha anatoka nje na kusimama juani mpaka mzee amalize. Hakutaka kusikia siri za watu. Katika miaka yote ya duka lile, hakuna aliyewahi kudai kwamba neno lake lilivuja.

Tarehe 12 Aprili 1997 alifunga ndoa na Rahmo, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni. Kabla ya nikaha Rahmo alimtumia ujumbe kwamba anakubali kila sharti, ila asilazimishwe kumsikiliza Weris zaidi ya mara moja kwa siku. Abdiwahab alijibu kwamba atajitahidi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ruqiya na Mohamednoor.

Hapa ni lazima Weris aelezwe, kwa sababu bila yeye maisha ya marehemu hayasimuliki. Ni mwimbaji wa kwetu, aliyetunga nyimbo zake mwenyewe na kuzipigia udi kwa mkono wake. Alitoa albamu tatu: kanda nyekundu ya mwaka 1996, iliyorekodiwa jukwaani, kanda ya kijani ya mwaka 2000, ya studio, na sidii ya 2006 ambayo watu wengi wanaipa heshima bila kuisikiliza. Duka la Abdiwahab ndilo lililokuwa baraza la mashabiki wake. Baada ya sala ya alasiri walijaa mlangoni, na kesi ilikuwa moja tu: Weris wa kwenye kanda na Weris wa jukwaani, nani bora?

Abdiwahab alikuwa wa jukwaani. "Nyekundu ni Weris," alikuwa akisema. "Kijani ni kinanda kimemwajiri Weris."

"Jukwaani anakohoa," Mwalimu Kadar alimjibu. "Anasahau maneno, na anasalimia mashemeji katikati ya wimbo. Kanda haina mashemeji."

"Wimbo usio na shemeji ni tangazo la sabuni, Mwalimu."

Ubishi huu ulikuwa na moyo wake, nao ni wimbo uitwao "Pumzika", wa pekee ambao Weris aliutunga kwa Kiswahili. Aliuimba kwa mara ya kwanza kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Jumamosi tarehe 20 Februari 1999, mbele ya umati uliokuwa na madereva na walimu kutoka bara. Abdiwahab alikuwepo, na redio ya kaseti begani ikirekodi. Kadar alikuwepo pia. Weris aliimba kwa ulimi wake wa nyumbani, usio na p wala v: "Bumzika, ngamia, mzigo umeshuka. Bumzika, derefa, fumbi limetulia." Mwaka uliofuata, studio ya Nairobi ilimfundisha p kwa siku mbili, na kwenye kanda ya kijani anasema "pumzika" kama msomaji wa taarifa. Ndipo mashabiki wakagawanyika kuwa watu wa P na watu wa B. Mwalimu Kadar, bila shaka, alikuwa P. Rahmo pia alikuwa P, jambo ambalo marehemu alilivumilia kwa subira.

Lakini mwaka 2002 Abdiwahab alisema jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililomgharimu. Alisema kwamba wimbo ule, siku ile ya Dadaab, ulikuwa na ubeti wa tatu, ambao haumo kwenye kanda. Hakuna mwingine aliyeukumbuka. Sababu ni kwamba ubeti wa pili ulipokwisha, lori la maji lilitokea, na umati wote ukainuka na mitungi yake. Kadar naye alikimbia kumshikia mkwe wake nafasi kwenye foleni. Waliobaki mbele ya Weris walikuwa watoto wadogo, mbuzi wawili, na Abdiwahab.

"Basi tusikilizishe," Kadar alimwambia.

"Kaseti imebotea."

"Imebotea au imepotea?"

"Imebotea zaidi ya kubotea."

Watu walicheka. Miaka ilivyopita, kicheko kile kikawa jina. Abdiwahab, mtu aliyesimama juani ili asisikie siri za wengine, akaitwa Mwongo wa Ubeti wa Tatu. Weris mwenyewe alipoulizwa, baada ya kuacha kuimba mwaka 2008, alijibu kwamba jukwaani alikuwa akiimba alichokiona mbele yake siku hiyo, na kwamba hakumbuki. Mwaka 2012, katika harusi moja mjini hapa, Kadar alilitaja jina lile mbele ya wakwe na wazee. Abdiwahab aliweka sahani chini, akanawa mikono, akaondoka. Hawakusemezana kwa miezi kumi na mmoja.

Kaseti haikuwa imepotea. Rahmo ndiye pekee aliyejua, na ameruhusu isemwe leo. Mwaka 2001, Hamdi alikuwa ameolewa na kuhamia Minneapolis, na asubuhi moja msafiri alikuwa anaondoka kwenda huko. Mama Fatumo alitaka kumpelekea binti yake barua. Duka lilikuwa limefungwa, akafungua kabati la mwanawe, akachukua kaseti ya kwanza aliyoiona, akaitia redioni, akabonyeza kitufe chekundu kama alivyozoea kuona, akazungumza. Mama hakujua kusoma kilichoandikwa juu yake, "Dadaab 1999". Jioni mwanawe alirudi akakuta kabati wazi, akamuuliza.

"Nimemtumia Hamdi sauti yangu," mama alimwambia. "Nimefurahi mpaka usingizi umenijia mchana."

Abdiwahab alimwambia kwamba amefanya vizuri. Hakusema kitu kingine, siku ile wala baadaye. Alimweleza Rahmo kwamba mama akijua alichofuta, hatatuma sauti tena, na Hamdi kule hana kingine cha mama. Fatumo alifariki mwaka 2009 bila kujua. Tangu hapo marehemu aliona haya kumwomba dada yake sauti ya mama yao ili kushinda ubishi wa wimbo. Akalibeba jina la mwongo, akanyamaza nalo.

Mei 2023 madaktari walimwambia figo zake zimechoka. Akawa anasafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi. Aliyempeleka, kwa gari lake mwenyewe, kwa miaka miwili na nusu bila kukosa siku, ni Mwalimu Kadar. Siku ya kwanza alipiga honi nje, na Abdiwahab akatoka akaingia. Wauguzi wanasema hawajawahi kuona wagonjwa wakifurahia mashine kama siku za wawili hawa, kwa sababu wodi nzima iligawanyika kuwa P na B.

Oktoba mwaka huu alidhoofika. Siku moja, wakirudi, alimwambia Kadar, "Mwalimu, mimi sijawahi kukudanganya."

"Najua."

"Hujui. Unanihurumia. Hiyo si kujua."

Kadar alimshusha mlangoni. Usiku huo Abdiwahab alimpigia Hamdi simu. Alimweleza yote, akamuuliza kama ile barua ya mama ipo. Hamdi alisema ipo ndani ya sanduku pamoja na pasipoti. Abdiwahab akamuuliza kama amewahi kuisikiliza mpaka mwisho wa upande. Hamdi akasema hapana. Mama akishaaga, yeye huizima, kwa sababu hawezi kuuvumilia ukimya unaofuata. Abdiwahab akacheka kidogo. Alisema kwamba mama yao hakuwahi kuzungumza dakika arobaini na tano bila kuitwa na mbuzi, na kwamba wimbo ulikuwa mwishoni kabisa. "Njoo nayo," alimwambia. "Usiisikilize huko. Nataka Kadar awepo."

Hamdi alikata tiketi ya tarehe 11 Novemba. Saa kumi na moja alfajiri ya siku hiyo, hapa nyumbani Iftin, Rahmo akiwa ameshika mkono wake, Abdiwahab alitamka shahada na roho yake ikatoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Habari ilimkuta Hamdi uwanja wa ndege, na kaseti ndani ya mkoba. Alifika Garissa Alhamisi, siku mbili baada ya maziko.

Haikukusudiwa wimbo upigwe katika nyumba ya msiba. Hamdi aliomba tu asikilize sauti ya mama yake pamoja na ndugu zake, na Mohamednoor akaitafuta redio ya mwisho ya dukani. Kadar aliitwa akaketi kizingitini. Mama Fatumo alizungumza kwa Kisomali: salamu, hali ya mvua, mbuzi aliyezaa, onyo kuhusu baridi. Alisema, "Kaka yako hajambo, ila anampenda yule mwimbaji kuliko chakula." Watu walilia na kucheka. Kisha akaaga. Hamdi akanyoosha mkono kuzima, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na minne, na Rahmo akamshika kifundo cha mkono.

Kukawa na ukimya. Mlango ulisikika ukifunguliwa, kuku akalia, mama akajiuliza kwa sauti kitufe cha kuzima ni kipi. Mara udi ukaingia, na kwa mbali kelele za mitungi na watu wanaokimbia. Weris aliimba:

"Bumzika, mama, maji nimeteka mimi.
Bumzika, mama, njia ya kisima naijua."

Ndipo upande ukaisha. Mama Fatumo hakujua Kiswahili, wala hakuwahi kuambiwa kwamba kuna ubeti huo.

Mwalimu Kadar alikaa kizingitini mpaka magharibi. Alipoinuka, alimwambia Abdinoor, "Andika kwamba ubeti wa tatu upo. Andika kwamba alikuwa mkweli tangu mwanzo, na kwamba mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji." Imeandikwa.

Marehemu ameacha mjane, Rahmo. Watoto wake Ruqiya na Mohamednoor. Mjukuu mmoja, Fatumo, aliyepewa jina la mama wa marehemu. Dada yake Hamdi na mdogo wake Abdinoor. Na rafiki yake wa dawati moja, Kadar. Mwenyezi Mungu amsamehe, alipanue kaburi lake na kulitia nuru.

Neno la mwisho Mwalimu Kadar ameomba alisome yeye mwenyewe, na ameomba lichapwe kama atakavyolitamka, karatasi ikiwa mbele ya midomo yake:

Abumzike kwa amani.