Mama Vipimo, Fundi Cherehani Aliyewapima Watoto wa Shule

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kukamua mafuta. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alipakia magunia kiwandani, mama yake alifua nguo za watu. Inasimuliwa kwamba hakulia alipozaliwa, bali aliwatazama waliokuwapo mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anawakadiria. Huenda ndugu zake wameitia chumvi habari hiyo. Lakini yeyote aliyewahi kusimama mbele yake, naye ameuning'iniza utepe wa kupimia shingoni, hataona shida kuiamini.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 na kumaliza la saba mwishoni mwa 1965. Hesabu alizipenda, kuimba hakukuweza, na tabia yake ya kusema lililo moyoni ilimfikisha ofisini kwa mwalimu mkuu mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri mbele ya watoto wake. Mwaka huo wa mwisho baba yake aliumia mgongo kazini, nyumba ikahitaji mikono, na masomo yakakomea hapo. Jambo hilo lilimuuma kwa muda mrefu. Baadaye, alipopata chumba chake cha kushonea mkabala na lango la shule ileile, alikuwa akisema kwamba yeye hakuacha shule, alivuka barabara tu.

Ushonaji alijifunza kwa shangazi yake, mama mkali aliyemfanya afumue mishono ya wengine mwaka mzima kabla ya kumruhusu kukalia cherehani. Chumba chake mwenyewe alikifungua tarehe 6 Mei 1974. Ndani mlikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, kioo chenye ufa pembeni, na rafu ya madaftari. Kila Januari alishona sare za shule, na kila mtoto alimwandika: jina, darasa, kifua, kiuno, urefu wa mkono, urefu wa gauni au kaptula. Mafundi wengine waliandika vipimo kwenye vipande vya karatasi wakavitupa. Yeye hakutupa hata daftari moja. Watoto wakamwita Mama Vipimo, jina likamganda, na watu wazima nao wakalisahau la kwake.

Mwaka uliofuata aliingia chumbani humo fundi bomba mmoja, kijana mpole, akiwa na suruali ya kupunguzwa kiuno. Wiki ya pili akairudisha iongezwe. Wiki ya tatu akataka ifupishwe. Aliporudi mara ya nne, marehemu aliikunjua suruali juu ya meza, akaitazama jinsi ilivyochoka, akamuuliza, "Kaka, niambie ukweli. Kinachokusumbua ni suruali au ni mimi?" Fundi bomba alikiri kwamba suruali haikuwa na tatizo tangu mwanzo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1975, na waliishi pamoja miaka arobaini na minane na miezi kumi. Walijaliwa watoto watatu: mwana wa kiume mwaka 1977, binti mwaka 1980, na kitinda mimba, binti pia, mwaka 1985, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Kazi iliyomfanya ajulikane nje ya mtaa wake ilianza Januari 1989, na ilianza kwa gauni. Msichana wa darasa la tatu aliletwa na bibi yake kupimwa sare mpya. Marehemu alipima kiuno, akafungua daftari la mwaka uliopita, akapima tena. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi mbili, na mkono haukuwa umerefuka hata kidogo. Alidhani amekosea. Siku hiyo hakushona tena. Alishusha madaftari ya miaka mitatu akalinganisha jina kwa jina, na kati ya watoto arobaini aliokuwa amewapima wiki hiyo, kumi na mmoja hawakuwa wamekua.

Alitia madaftari kwenye kikapu akavuka barabara. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia yeye ashone, walimu wafundishe. Kesho yake alirudi. Alimkalia kooni mwalimu yule mara saba, na mara ya saba alimkuta ameshamwita muuguzi wa zahanati na seremala aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi. Ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Afya ya Watoto, Februari 1990. Wazazi walipokezana zamu kupika uji wa saa nne. Seremala alitengeneza milango ya vyoo vya wasichana, ambavyo kwa miaka vilikuwa vimefunikwa kwa magunia. Fundi bomba hakuulizwa kama anataka kujiunga. Aliambiwa tu ni siku gani aje na spana zake kufunga mabomba ya kunawia mikono. Watoto walipewa dawa ya minyoo kila muhula. Kufikia 1992 madaftari yalianza kusema mambo mengine, na marehemu alikuwa akiwaonyesha wateja kurasa zake kama mtu mwingine anavyoonyesha picha za harusi.

Mwaka huo kamati iliongeza kipimo cha macho. Muuguzi alileta chati yenye alama moja iliyorudiwa kwa ukubwa tofauti, kama chanuo la meno matatu, mahali pengine meno yakielekea juu, pengine chini, pengine kulia au kushoto. Mtoto hufunika jicho moja, akaonyesha kwa mkono meno yanaelekea wapi. Watoto wa madarasa ya chini waliogopa. Wengine walilia wakidhani watachomwa sindano ya jicho. Marehemu akaona njia ya kuwatoa woga: wiki moja kabla ya kupimwa, aliichukua ile chati akaenda nayo uwanjani, akawafundisha mstari kwa mstari. Juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu. Watoto waliipenda. Baada ya siku mbili walikuwa wakiruka kamba kwa mistari ile, na hakuna aliyeruka vizuri kama kitinda mimba wake. Siku ya kipimo hakulia mtoto hata mmoja. Shule nzima ilifaulu, na mwaka uliofuata ikafaulu tena.

Hili lote liliandikwa kwenye taarifa ya kamati kama mafanikio. Liko hapa kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza liwepo.

Juni 1994 paa la ofisi ya mwalimu mkuu lilivuja, chati ikaharibika, na muuguzi akaazima nyingine hospitalini, yenye mpangilio tofauti. Foleni ilianza kama kawaida. Watoto wawili watatu walianza kwa mistari ya zamani, wakasita, wakajirekebisha, na wenzao wakacheka. Kisha ikafika zamu ya kitinda mimba, mwenye miaka tisa. Kwa jicho la kulia alisoma bila shida. Alipofunika la kulia, aliinyoosha shingo yake kwa kujiamini na mkono ukaanza kwenda: juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu. Hakusita popote. Marehemu alikuwa kando akiandika majina. Muuguzi alimwita kwa sauti ya chini.

"Mama, njoo usimame nyuma ya mtoto. Tazama chati, halafu mtazame mkono."

Alisimama pale mpaka mtoto akamaliza mstari wa mwisho, ambao kwenye chati hiyo haukuwapo.

Wiki hiyohiyo alimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari hakumlaumu. Alieleza kwamba jicho la kushoto halikuwa na ugonjwa; lilikuwa halijawahi kufundishwa kuona, na macho hufundishwa utotoni. Lingeletwa mapema zaidi, alisema, lingesaidika sana, na kila mwaka uliopita ulikuwa umepunguza nafasi. Kwa mwaka mzima jicho zima lilifunikwa kwa kitambaa, ili la pili lilazimike kufanya kazi. Marehemu alivishona vitambaa hivyo mwenyewe, na kila asubuhi alipomfunga binti yake kimoja alisema, "Nisamehe, mwanangu." Jicho lilipata nafuu kidogo, kisha likagoma. Limebaki hivyo hadi leo.

Huzuni ile haikumfanya anyamaze. Mwezi Julai aliomba kusema kwenye mkutano wa wazazi. Seremala, kwa nia njema, alimshauri jambo hilo liishie ndani ya kamati, maana watu wangepoteza imani na kazi yote. Alimjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akasimama mbele ya madawati yaliyojaa.

"Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wenu majibu," alisema. "Nilidhani nawatoa woga. Kwa miaka miwili tumepima kumbukumbu zao, macho hatujayapima. Wangu mwenyewe amepotea katika hilo, na sijui wa kwenu wangapi. Nipeni nafasi niwapime wote upya, halafu mkitaka kunitoa, nitoeni."

Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Baba mmoja alitoka nje bila kuaga. Lakini nafasi alipewa. Alikata kadi ngumu, mraba kiasi cha kiganja, akachora juu yake alama moja tu, na kila mara aliigeuza nyuma ya mgongo wake kabla ya kumwonyesha mtoto, hata asiwepo wa kukariri wala wa kumnong'oneza mwenzake. Watoto mia sita na kumi na wawili walipimwa kwa siku kumi na moja. Kumi na tisa walikuwa na macho yenye shida. Sita kati yao walikuwa wakikaa viti vya nyuma na kuchapwa kwa uvivu. Mwalimu wa darasa la nne, aliyekuwa akiwachapa wawili, alibeba madawati yao kwa mikono yake mwenyewe hadi mbele, na inasemekana hakushika fimbo tena. Wadogo zaidi katika wale kumi na tisa, waliokuwa na miaka sita na saba, walitibiwa mapema na leo wanaona vizuri. Mmoja wao ni dereva wa gari lililomleta marehemu hapa.

Hakuna aliyemtoa kwenye kamati. Kadi ile ya kugeuzwa ilienda shule nyingine tisa, na kila ilikokwenda alikwenda nayo, na kabla ya kuwafundisha walimu namna ya kuitumia aliwasimulia kwanza alichokosea. Mumewe aliwahi kumuuliza kama ni lazima ajianike hivyo kila mahali. Alisema mtu akifundishwa kadi bila kosa, ataiona ni usumbufu na atarudi kwenye chati.

Alifanya kazi hiyo hadi Novemba 2018, presha iliyomwandama miaka mingi ilipoharibu figo zake. Kuanzia 2020 alikuwa akienda hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Hata huko hakuacha mambo yake. Aliwaambia wauguzi wazi kwamba sare zao zimeshonwa na mtu asiyependa watu, na za wawili kati yao alizirekebisha kwa sindano ya mkono akiwa kitandani. Agosti mwaka huu alimwita mwanawe mkubwa akamwambia, "Mkiandika habari zangu, lile la macho liwemo. Msinichore kama malaika." Alifariki dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi sita na siku ishirini na tano, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, dada mmoja, na rafu yenye madaftari ya vipimo ya miaka arobaini na minne.

Kitinda mimba ameomba ruhusa ya baba na ndugu zake kuongeza jambo moja, nalo limechapishwa hapa kwa ridhaa yao, kwa kuwa marehemu hakuwahi kuambiwa. Kitinda mimba alijua. Tangu kipimo cha kwanza, akiwa na miaka saba, alipofunika jicho la kulia aliona ukungu mahali palipokuwa na chati, na alijua kwamba wenzake wanaona. Lakini wasichana wa darasa lake walikuwa wameshasema kuwa mtoto wa Mama Vipimo hawezi kushindwa, naye akaona bora lolote kuliko kumwaibisha mama mbele ya foleni, hata kurudia mistari ya zamani mbele ya chati mpya. Ndiyo maana aliruka kamba kuliko wote. Wenzake walikuwa wakicheza, yeye alikuwa akikariri.

Mama alipoomba msamaha asubuhi baada ya asubuhi, mtoto alijibu, "Si kitu, mama," na akaficha kilichokuwepo. Alitaka kusema alipomaliza shule. Alitaka kusema alipoolewa. Jumapili, tarehe 6 Oktoba, alikaa kando ya kitanda cha hospitali saa mbili nzima. Mama alikuwa macho, akamuuliza, "Una nini, mwanangu?" Akajibu kwamba hana kitu.

Basi ninyi wanafunzi mliokuja na sare zenu: mtu akikuuliza kama unaona, nawe huoni, sema huoni. Hutamwaibisha yeyote.

Na wewe, mama, kosa lile tulilifanya wawili, ukalibeba peke yako miaka thelathini. Leo nimeshika upande wangu. Utue, upumzike kwa amani.