Jicho la Shakwe Mweupe: Maisha ya Gosse Terpstra, 1946–2024

Gosse Terpstra alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Machi 1946, katika kijiji hiki cha Wierhuizum, kwenye nyumba ya mwisho kabla ya tuta la bahari. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Sietse Terpstra, mchimba mitaro, na marehemu Antje. Mimi ninayewasomea haya ni Baukje, dada yake. Nilizaliwa miaka mitatu baada yake, na baada yangu hakuja mwingine.

Alisoma shule ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1952 hadi 1958, kisha akaenda shule ya ufundi mjini Harlingen, akahitimu useremala mwaka 1962. Hesabu hakuzipenda. Alipenda kuchora ndege. Akiwa na miaka tisa mwalimu aliwaambia wachore yule ndege mweusi-mweupe wa kwenye tuta, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa. Gosse alimchora vizuri kuliko mtu mzima, kisha akampaka mdomo wa kijani kibichi. Darasa zima lilicheka, na kwa mwaka mzima wakamwita Mdomo Kijani. Alirudi nyumbani akaniuliza, mimi mtoto wa miaka sita, "Bau, we unauona wa rangi gani?" Nikamwonyesha kalamu ya rangi ya chungwa. Akaitazama, akaitazama na ile ya kijani, akasema, "Mbona ni zilezile?"

Basi ndivyo tulivyojua. Nyekundu, chungwa na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja. Tangu siku hiyo yeye alichora kwa penseli na mimi nikatia rangi. Jicho la ndege alilichora mwisho siku zote, kisha ananiambia kwa mdomo: bawa hili kijivu, mguu huu mweusi. Mama alijua. Nje ya nyumba hakujua mtu, hata mkewe hakujua hadi walipokwisha kuoana. Leo wengi wenu mnasikia kwa mara ya kwanza, na naona wengine mnatazamana.

Mnatazamana kwa sababu mnajua kazi aliyoifanya. Tarehe 1 Aprili 1970 aliajiriwa kuwa mwendesha daraja la kuinuliwa kwenye mfereji wetu, na taa za daraja ni nyekundu na kijani. Daktari wa siku zile alimpima macho kwa herufi za ukutani tu, rangi hakuuliza. Gosse alijua kwamba taa ya juu ni ya kusimamisha na ya chini ni ya kupitisha. Miaka thelathini na sita, hakuna mashua iliyokwaruzwa kwa kosa lake. Lakini angejulikana, angefukuzwa siku hiyohiyo, na nyumba ya daraja ilikuwa ya mwajiri.

Tarehe 12 Mei 1972 alimwoa Hiltje Boonstra, binti wa mwoka mikate. Alimposa kwa kumchora akikata mkate wa sukari, wiki saba mfululizo, hadi baba mtu akauliza, "Kijana, wewe unanunua mkate au unanunua binti yangu?" Gosse akajibu, "Mkate nimeshiba, mzee." Mungu aliwajalia watoto wawili, Froukje na Sietse. Hiltje alitutoka mwaka 2011.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo nimeiandika na kuichana mara nne wiki hii.

Jumamosi, tarehe 17 Februari 1979, siku tatu baada ya ile dhoruba ya theluji mnayoikumbuka wote, Gosse alipanda tuta kutazama barafu ilivyosukumwa ufukweni. Palikuwa na sili, yule mnyama wa baharini, amekufa, na juu ya mzoga amesimama shakwe mweupe pepe, mwili mzima, mwenye miguu myeusi. Ni ndege wa kule kaskazini ya mwisho kabisa. Hapa kwetu mtu anaweza kuishi miaka themanini asimwone. Gosse hakuwa na kamera. Alilala juu ya theluji saa mbili nzima akichora, akavua glavu, na vidole vilipokataa kushika penseli alibakiza kitu kimoja tu, jicho. Aliacha duara tupu. Alirudi nyumbani akitetemeka na usiku huo homa ikampanda. Kesho yake watu wa chama cha watazama ndege, alichokuwa mwanachama, walipata habari wakaenda, wakakuta mzoga peke yake. Kwa hiyo ushahidi wote ulikuwa ule mchoro, na kamati ya kumbukumbu za ndege ilikuwa ikutane Jumamosi iliyofuata.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa akiweweseka kwa homa. Alichoweza kuniambia ni hiki: "Bau, nakili vizuri, tia rangi, utume. Usichelewe." Sikumwuliza jicho lilikuwa la rangi gani. Nilimwona amelala nikamwonea huruma, nikajiona hodari. Jumanne nilikwenda makumbusho ya mji, ambako kwenye kabati la pili kuna shakwe kama huyo, aliyejazwa pamba zaidi ya miaka mia iliyopita. Ana jicho la kioo, la njano. Nikanakili mchoro wa kaka, jicho nikalipaka njano. Nikatia nakala hiyo kwenye bahasha na jina la kaka yangu chini, nikaipeleka posta. Yeye hakuiona kabla haijaondoka.

Shakwe huyo akiwa hai ana jicho jeusi. Fundi aliyemjaza pamba alimwekea macho ya shakwe wa kawaida, nadhani ndiyo aliyokuwa nayo kwenye kopo.

Barua ya kamati ilikuja tarehe 9 Machi. Iliandikwa kwa adabu: jicho la njano halipo kwa ndege huyo aliye hai, lipo kwa yule wa makumbusho yetu, na kamati inasikitika kwamba haiwezi kupokea taarifa hiyo. Nataka niseme wazi kwamba kamati haikukosea. Ilihukumu karatasi niliyoipeleka mimi. Lakini habari ilienea kabla ya Pasaka kwamba Gosse Terpstra ni mwongo, amechora ndege wa kabatini akasema amemwona baharini. Wenye mashua walikuwa wakipita darajani wanampigia kelele, "Gosse! Leo umeona nini, pengwini?" Alicheka nao. Jioni hakula.

Nilimwambia, "Kaka, nitawaandikia. Nitasema ni mimi niliyetia rangi."

"Watauliza kwa nini mimi mwenyewe sikutia."

"Nitawaambia."

"Na daraja je? Na Froukje na Sietse nitawalaza wapi?" Kisha akanishika bega. "Acha, Bau. Wewe ulitaka kunisaidia."

Alijitoa kwenye chama cha ndege mwezi huo. Hakupanda tena tuta kwa miaka kumi na saba.

Mwaka 1996 nilianzisha kundi letu la wachoraji, ambalo wengi wenu mliopo hapa mmo: majira ya baridi makumbusho, majira ya joto kwenye mabwawa na malisho, na supu ya njegere kwenye chupa. Hiltje ndiye aliyemlazimisha Gosse kuja. Alikaa karibu na dirisha, akachora mabata, bundi, mbweha wa kujazwa pamba, kwa ile penseli yake, na hakuna aliyemkaribia kwa ufundi. Ila wanyama wake wote walikuwa na duara tupu mahali pa jicho. Mnakumbuka siku mwenzetu Tjitske alipomwuliza, "Gosse, mbona ndege wako vipofu?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Macho ni kazi ya Bau." Wote mlicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2006. Palikuwa na keki na kahawa darajani. Watu walipoondoka aliniambia, "Sasa hakuna wa kunifukuza. Ukitaka kusema, sema." Nikamwambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa zamu ya kundi kwenda makumbusho, na nikasimama mbele ya kabati la pili nikawafundisha, kama nilivyowafundisha kila mwaka, "Chora ulichokiona, usichore unachodhani." Ningesemaje baada ya hapo? Mngeniita mwalimu gani? Nikatulia kama maji mtungini. Yeye hakurudia kuniomba. Hiyo ilikuwa miaka kumi na minane iliyopita, na kwa miaka hiyo yote hakukuwa na daraja la kulinda wala watoto wa kulaza. Palikuwa na jina langu tu. Nililinda jina langu kwa jina la kaka yangu, na naona aibu.

Mwezi Mei mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa hospitalini Leeuwarden kwa upole mwingi, kisha akaomba arudi nyumbani. Froukje alimuuguza. Nilikwenda kila siku baada ya chakula cha mchana, tukachora kunguru wa dirishani, yeye penseli, mimi rangi. Siku moja mwezi Oktoba nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Kaka, nitasema. Safari hii kweli."

Akaweka penseli chini. "Utasema lini? Nikishazikwa?"

Nikaendelea kumtia kunguru rangi.

"Haya," akasema, "lakini useme kwa sauti, maana Ate wa ile kamati siku hizi hasikii vizuri." Akacheka hadi akakohoa. Kisha akafumba macho, akasema polepole, "Lilikuwa jeusi, Bau. Aligeuka akanitazama. Jeusi kama mbegu ya tufaha." Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza nimemwachia nafasi ya kuniambia.

Gosse alifariki nyumbani kwake Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, saa nne asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa wamemshika mikono. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi yalikuwa yangu, na kifo kimekuwa chake.

Bwana Ate Wijnsma, uliyekuwa katibu wa kamati mwaka ule, uko safu ya tatu na nimemwomba mjukuu wako ahakikishe mashine ya sikio imewashwa. Nasema kwa sauti kama nilivyoagizwa. Jicho la njano nililipaka mimi, Baukje Terpstra, makumbusho, siku ya Jumanne. Kaka yangu hakulipaka wala hakuliona. Picha iliyo kwenye jalada la karatasi mliyoshika ni ukurasa wa daftari lake mwenyewe, na hayo mabaka ni theluji iliyoyeyukia pale. Mtaona jicho ni duara tupu. Jana nilishika kalamu nyeusi ili nilijaze, nikairudisha. Sikuwepo kwenye tuta, na kazi ya jicho hilo haikuwa yangu tangu mwanzo. Sikuombi ubadilishe vitabu, Bwana Ate. Nakuomba, tutakapolizungusha jeneza nje ya kanisa mara tatu kama desturi yetu, utembee nyuma yake kama mtu anayemsindikiza mkweli.

Gosse ameacha binti yake Froukje na mumewe Durk; mwanawe Sietse; wajukuu watatu, Hylke, Antje na Wiebe; penseli kumi na moja zilizochongwa kwa kisu; na dada mmoja aliyechelewa.

Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani. Alimwona yule shakwe.