Shangazi Yetu na Sponji Iliyobaki Kwenye Oveni

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa shangazi yetu, nikiwa mdogo, kilikuwa kidole gumba chake. Hakukaa kwenye kochi la mtu kabla ya kulibonyeza na kusubiri shimo lijae. Likichelewa, alivuta kiti cha mbao.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1986 akahitimu shahada ya kemia.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha magodoro. Mwezi wa kwanza tu alisahau kuondoa maji kwenye polioli, kimiminika kizito ambacho kikichanganywa na kemikali iitwayo isosaianeti huumuka na kuwa sponji. Maji yaliyokuwamo yakazidisha gesi ya kuumulia. Mchanganyiko ukafurika ndoo, ukatambaa mezani na kumeza kofia ya msimamizi.

"Dada, tulikuajiri utengeneze magodoro au mikate?" msimamizi aliuliza.

"Kofia ipo, bosi. Imelala pazuri."

Tangu hapo wakamwita Mama Sponji.

Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na fundi makochi. Walifahamiana fundi huyo alipofika kiwandani kulalamika kwamba sponji aliyouziwa imebonyea na haiinuki. Shangazi alimuuliza kochi limewekwa wapi. Lilikuwa karibu na jiko la mteja. "Wenzangu huposa kwa barua," mumewe hupenda kusema. "Mimi nilipeleka malalamiko."

Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa kazi yake kubwa: kutafuta sponji isiyolegea kwa joto, hata ikifungwa kwenye mabomba ya mvuke. Aliibadilisha polioli yenyewe, akiiunganisha na pete za atomi za kaboni na naitrojeni ambazo joto haliziachanishi kirahisi. Vipande vingi vilitoka vya kahawia, vikavunjika kama biskuti. Hata baada ya kustaafu alirudi kwa mkataba. Tarehe 13 Mei mwaka huu aliweka kipande kipya kwenye oveni, nyuzi 150, kikae wiki nne.

Maradhi ya moyo yaligunduliwa mwaka 2022. Alilazwa tarehe 27 Mei. Wenzake wa maabara walipoona hali inazidi kuwa mbaya, walimwambia, "Mama Sponji, tufungue oveni, tukuletee kipande ukione."

"Mkifungua, joto litashuka," alijibu. "Hapo mtakuwa mmeniletea sponji au huruma? Acheni mlango."

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, alfajiri, mumewe akiwa kando ya kitanda.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka wawili, na sisi watoto wa kaka zake.

Pumzika salama, shangazi. Mlango haujaguswa. Oveni itafunguliwa keshokutwa, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wenzake wameomba mumewe ndiye atangulie kubonyeza, naye amekwishakata ukucha wa kidole gumba. Tutasimama nyuma yake, tuone kama shimo litajaa.