Tepu ya Miaka Elfu Moja na Mia Tano

Benchi lina miguu mitatu na tofali moja, nalo limeegemea ukuta wa chumba cha fundi cherehani wanayemwita Sindano. Wenye benchi ni wawili: Dakika, fundi saa wa chumba cha pili, na mzee Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa anaendesha mdomo tu. Birika la kahawa huletwa na Breki, maneno huletwa na wote. Asubuhi hiyo, hata hivyo, mzaha ulikuwa na mpaka, maana kesho yake saa mbili Sindano alikuwa anaingia kwenye mtihani wa historia ya kidato cha sita kwa mara ya tatu. Masomo mengine yote alishafaulu. Chuo cha ufundi kilikuwa kimemshikia nafasi ya kufundisha ushonaji, lakini bila cheti kamili hakuna kazi, na pengo la cheti ni historia peke yake. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kavalisha nusu ya mji, anazuiwa mlangoni na wafalme waliokufa zamani! Ilimuuma, we acha tu.

Si kwamba hakusoma. Tepu ya fundi ina sentimita mia moja na hamsini. Sindano alikaa nayo siku moja, akapiga hesabu: kila sentimita miaka kumi. Akaanza na mwaka mia tano, zinapoanza Zama za Kati, akaishia elfu mbili. Kila tukio kubwa akalifungia uzi wa rangi mahali pake, na tepu akaivaa shingoni kama kawaida. Tangu hapo hapimi mteja bila kupima na karne. Mwezi uliopita alimpima bwana mmoja mnene, akaandika daftarini, "Nyonga: Mapinduzi ya Ufaransa," na suruali ikamkaa sawasawa.

Dakika alishika daftari, akawa msahihishaji.

— Sentimita ya tisini na tano?

— Elfu moja mia nne hamsini. Mashine ya kuchapa vitabu, kule Ulaya.

— Mia moja arobaini na moja nukta nne?

— Vita Kuu ya Kwanza.

— Kwa tarehe, dada, hakuna wa kukugusa. Haya, kwa nini vita vile vilitokea?

Sindano akapapasa nyuzi za tepu. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mwaka jana swali lilisema: eleza jinsi mapinduzi ya viwanda yalivyobadilisha maisha ya watu wa kawaida. Akaandika tarehe kumi na nne na wafalme watatu, akatoka nje akijua kabisa kwamba hajajibu kitu.

— Kwa nini, kwa nini! alifoka. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayonimaliza.

— Mbona rahisi, binti yangu, Breki alisema huku akimimina. Ni barabara. Chukua ile tauni iliyofagia Ulaya. Ilisafiri na misafara na meli. Pasipo na kizuizi cha ukaguzi, mzigo wowote unapita. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mzee, wenyeji ndio waliokufa!

— Basi hawakuwa wenyeji halisi.

— Hapana, si barabara, Dakika alidakia. Ni saa. Zamani mtu aliamka jua likimwamsha. Wakaja watu wakaweka saa juu ya mnara, ndipo kuchelewa kukaanza. Aliyechelewa akagombezwa, aliyegombezwa akaenda kumgombeza mkewe, majirani wakasikia, wakachukua upande. Vita hivyo!

— Vita vya dunia nzima? Sindano alishangaa.

— Chanzo chake saa moja tu, imechelewa dakika tano. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na wafalme walioangushwa? Sindano aliuliza, maana alishaanza kucheka bila kupenda.

— Hao ni breki, mzee alisema. Wameshuka mlima na gia kubwa, nyuma wamebeba mzigo wa nchi nzima, na hakuna aliyewahi kuingia chini ya gari kuangalia. Mimi ningekuwa utingo wa mfalme, ningemwambia mapema.

— Angekufukuza kazi, Dakika alisema.

— Angenifukuza nikiwa hai, yeye akabaki na mlima wake. Mpanda ngazi hushuka.

Sindano alicheka mpaka akafuta macho, halafu kicheko kikamkauka ghafla. Kesho hakutakuwa na Breki wala Dakika. Itakuwa yeye na karatasi nyeupe.

Ndipo akaja mlinzi. Alikuwa mgeni mtaani, ameanza kazi juzi kwenye ghala la jirani, na sare aliyopewa ilikuwa ya mwenzake aliyehama. Suruali ameishika kwa mkono mmoja isianguke.

— Shikamoo, mzee. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Ingia, kabla hujatuachia aibu hapa.

Sindano alimzungushia tepu kiunoni.

— Themanini na nne na nusu. Karibu na tauni.

Mlinzi akaruka nyuma.

— Nina nini?

Breki alipaliwa na kahawa. Dakika ndiye aliyemweleza: mtihani, tepu, nyuzi, miaka. Mlinzi akatulia. Akaomba aione, akaipitisha tepu mkononi taratibu, uzi baada ya uzi, kama mtu anayehakikisha kufuli.

— Hii nyekundu?

— Vita, Sindano alijibu.

— Na hii?

— Vita pia.

— Na hizi zote za huku mwisho... Aliitazama suruali yake. Dada, naomba kuuliza, mimi sikusoma sana. Askari wale walikuwa mamilioni. Wote wamevaa sare. Nani alizishona?

Breki akaliweka birika chini bila kusimulia lolote. Jambo hilo halikuwahi kuonekana pale kijiweni.

— Zilitoka viwandani, Dakika alisema.

— Sawa. Kiwandani nani?

Dakika akafungua daftari. Akapekua ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka jalada la nyuma. Akalifunga.

— Humu hayupo.

Sindano alikaa kwenye kiti cha cherehani. Marehemu mama yake, aliyemfundisha kazi, alizeeka shingo ikiwa imepinda upande wa kushoto, upande wa taa. Kumbe kulikuwa na wengine, vyumba na vyumba, wamepinda shingo vivyo hivyo, wanahesabiwa suruali kwa siku. Na nyuma yao waliofuma kitambaa. Na nyuma ya hao waliochuma pamba, wengine wakiwa wameuzwa kama pamba yenyewe. Watu wa kawaida! Mwaka mzima aliwatafuta kwenye orodha ya wafalme, na yeye mwenyewe ni mmoja wao.

— Umepata jibu? Breki aliuliza kwa upole.

— Majina yao sina, baba. Hakuna mwenye nayo. Lakini kazi yao naijua. Nikiulizwa maisha yalibadilikaje, nitaanza na shingo.

Alichukua uzi mweusi autie kwenye tepu, akasita. Mapinduzi yalikuwa na mwaka wake, vita vilikuwa na mwaka wake. Hawa angewafungia wapi? Akapitisha kidole kutoka sentimita ya mia moja ishirini na sita, mashine zilipoanza kunguruma, asione pa kusimama. Basi akatunga sindano, akaanza kushona juu ya tepu, mshono mmoja mdogo baada ya mwingine, bila kuacha nafasi.

— Kahawa imekwisha, Breki alisema. Hakuna aliyeinuka.

— Na suruali yangu, dada? mlinzi aliuliza, bado ameishika.

— Kaa, kaka yangu. Utaondoka nayo leo.

Mlinzi akakaa upande wa tofali. Sindano aliendelea kushona mpaka tepu ikaisha.